Parachichi Kwenye Kila Gunia

Mke wangu amekagua chakula cha mifugo kwa miaka ishirini na saba na hajawahi kufuga hata kuku mmoja. Ukimuuliza sababu, anasema anajua mno wanachokula.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Makoti yake meupe ya kazini nimeyashona mimi, kumi na moja mpaka sasa, na hakuna lililochakaa kwa kuvaliwa. Yote yamekufa kwa kufuliwa. Kazini wanamwita Chekeche. Kwanza kwa sababu alianza kazi kwa kuchekecha, na pili kwa sababu hakuna kinachompita. Nyumbani hatumwiti hivyo, ingawa tumewahi kufikiria.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu ananunua gunia la chakula cha kuku wa mayai. Ubavuni limeandikwa mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa. Ndani kuna unga. Unga hauna sura. Mwenye kinu akitaka kukuwekea magunzi mahali pa mahindi, au maganda ya karanga mahali pa mashudu, wewe utaona unga, na kuku wako ataona unga. Tofauti utaikuta kwenye mayai, au kwa kutoyakuta. Ndiyo maana kuna maabara, na ndiyo maana kuna mke wangu.

Zamani alikuwa anachekecha, anaweka chembe chini ya hadubini, anaangalia. Lakini kabla ya hadubini kulikuwa na vidole. Alichukua unga kidogo, akausugua kati ya gumba na kidole cha shahada, macho yameelekea dirishani. Pumba inateleza. Magunzi yanakwaruza. Mashudu yanaacha mafuta. Nimesikia kwa masikio yangu mwenye kinu mmoja akisema sokoni kwamba haogopi polisi wala mahakama, anaogopa vidole vya yule mama.

Miaka sita iliyopita ikaja mashine ya kusoma vinasaba. Watu wengi wanaijua hiyo DNA kwa kesi za kutafuta baba wa mtoto, na habari ilipofika mtaani kwetu, jirani alikuja barazani akijifanya ameleta suruali ya kupunguza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu anaweza kumwangalizia jambo. Nikamwambia wanapima chakula cha ng'ombe. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo hata ng'ombe wanakataana?" Suruali akaondoka nayo.

Mashine haiangalii sura ya kitu. Unga unasagwa tena laini kabisa, unawekwa kwenye kimrija pamoja na dawa zao, vinasaba vinatolewa, mashine inavisoma na kulinganisha na orodha ya mimea. Halafu inatoa karatasi yenye majina: mahindi kiasi hiki, ngano kiasi hiki, alizeti kiasi hiki. Mmea ukisagwa, ukipikwa, ukakaushwa, bado una jina lake ndani. Wenzake wa rika lake walisema mambo hayo ni ya vijana. Yeye alikwenda mafunzo wiki tatu, akarudi na daftari mbili zilizojaa, akawa wa kwanza kuiendesha bila kusimamiwa.

Tatizo la mashine hiyo ni kwamba inaona kila kitu. Chembe ya mkate uliokula asubuhi inaweza kuingia kwenye sampuli, na mashine, ambayo haina aibu, itaandika ngano. Kwa hiyo maabara ikajaa masharti ya usafi. Mke wangu aliyaandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri na kuyabandika ukutani, la kwanza likiwa: USIGUSE SAMPULI KWA MKONO MTUPU. Akaanza kunawa mara ishirini kwa siku. Baada ya mwaka mikono yake ilikuwa imepasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Hapo ndipo anapoingia mama yangu.

Mama alihamia kwetu baada ya kuteleza bafuni kwake na kuvunjika mkono. Mkono ulipona, yeye akabaki. Siku moja alimshika mkwewe vidole, akavigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, hii si mikono, hii ni ushahidi kwamba mwanangu hakutunzi." Kesho yake kukawa na kopo kabatini. Ndani mlikuwa na mafuta mazito ya kijani, yananukia vizuri, yanaingia kwenye nyufa na kunawa hakuyatoi. Mama alikataa kusema yametengenezwa na nini. Alisema ni dawa, na dawa ikitajwa inapungua nguvu. Mke wangu akawa anapaka kila asubuhi kabla ya kutoka, na kweli mikono ikaanza kurudi kuwa mikono.

Miezi miwili baadaye mashine ikaona parachichi kwenye chakula cha kuku.

Chakula kilitoka kwenye kinu kimoja upande wa pili wa mji, kinu cha mzee mmoja asiye na rekodi mbaya. Parachichi ukilitazama halina kosa, lakini majani yake, maganda yake na kokwa lake ni sumu kwa ndege. Mashine haisemi ni sehemu gani ya mti, inasema mti tu. Mkuu wa maabara, ambaye tunamwita Daktari ingawa hajawahi kumtibu mtu, akamtuma mkaguzi kinuni. Mkaguzi alipoingia uani akakuta mparachichi mkubwa umesimama katikati, matawi yake yamefunika nusu ya paa la kinu. Chini ya mti mahindi yameanikwa kwenye turubai. Juu ya mahindi kuna majani mawili.

Mkaguzi alipiga picha nane. Mke wangu aliniambia hajawahi kuona ripoti iliyofurahiwa na watu wengi namna ile. Kwa kawaida mashine inasema jambo na watu wanakuna vichwa. Safari hii ushahidi ulikuwa umesimama uani, una matunda.

Mzee alikana. Alisema huanika mahindi chini ya mti ule kila mwaka, majani huokotwa, na kuku hawajafa. Akaomba sampuli ya pili. Ikachukuliwa, ikapimwa, parachichi lile lile. Kinu kikafungwa. Barua ikamwambia kitafunguliwa mti ukiondoka.

"Amekasirika?" nilimuuliza mke wangu jioni ile.

"Wote hukasirika."

"Na mti wake?"

"Mti si kazi yetu," alisema. "Sisi tunasoma tu."

Wiki iliyofuata mashine ikaona parachichi kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa kutoka kinu kingine, chenye ua wa saruji usio na hata jani la mchicha. Daktari akasema labda wananunua makapi kutoka kwa watu wanaokamua mafuta ya parachichi. Halafu likaonekana kwenye chakula cha sungura. Daktari akasema huenda ni mtindo mpya wa udanganyifu, akaanza kuandika makala juu yake. Kichwa cha makala alikuwa nacho tayari.

Mke wangu akaacha kula vizuri. Si kwamba alijua. Alikuwa kama mtu anayesikia bomba linavuja na hajui ni chumba gani.

Cha kumfungua macho kilikuwa mahindi matupu. Mfanyabiashara mmoja alileta gunia la mahindi mazima, hayajasagwa wala kuchanganywa na kitu, alitaka tu kuthibitisha aina yake. Mke wangu aliyasaga mwenyewe. Karatasi ikatoka: mahindi, na parachichi. Chini kabisa, kwa kiasi ambacho kwa kawaida hawakiandiki kwenye ripoti, limau.

Alirudi kwenye karatasi zote za nyuma. Kinu cha mzee: parachichi, na chini kabisa limau. Sampuli yake ya pili: vivyo hivyo. Ng'ombe: vivyo hivyo. Sungura: vivyo hivyo.

Sasa, maabara wana mtego wao wa kukamata uchafu. Kila wanapopima wanaweka mrija mmoja wenye maji matupu, wanauita shahidi. Mashine ikiona mmea kwenye maji, ujue kazi imechafuka. Shahidi siku zote alikuwa safi. Lakini shahidi anaingia kazini kwenye chumba cha mashine. Chumba cha kusagia, ambacho kiko ng'ambo ya korido, hakuwahi kufika.

Na chumba cha kusagia ni cha mke wangu.

Aliniambia alisimama pale mbele ya ukuta akasoma sharti la kwanza kwa mwandiko wake mwenyewe. Kwenye chumba cha mashine hakuwahi kulivunja hata mara moja. Lakini kwenye kusaga, miaka ishirini na saba ni mingi. Kila akimaliza kusaga alikuwa anavua glavu moja, anachukua unga kidogo, anausugua kati ya gumba na kidole kujua kama umelainika sawasawa. Halafu anaurudisha chomboni, kwa sababu chakula hakitupwi. Wala hakuwa anajua kwamba anafanya hivyo. Alijua tu kwamba unga umelainika.

Jioni ile hakuvua viatu. Alipita moja kwa moja mpaka kabatini, akachukua kopo, akaenda kukaa mbele ya mama yangu aliyekuwa anapanga nguo zilizokauka. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Niliacha.

"Mama," alisema, "humu ndani kuna nini?"

"Dawa."

"Imetengenezwa na nini?"

"Mwanangu, nilishakwambia dawa ikitajwa..."

"Kuna parachichi?"

Mama akakunja shuka. "Parachichi kila mtu anaweka. Hiyo si siri."

"Na siri ni nini?"

"Siri ni siri."

"Ni ganda la limau?"

Shuka likaanguka. Mama akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Umechungulia jikoni!"

"Mimi sijachungulia, mama."

"Basi nani kamwambia?"

"Mashine," alisema mke wangu.

Mama aliokota shuka. Halafu akauliza kwa heshima kubwa, "Imeona mpaka limau?"

Mke wangu si mtu wa kukimbilia kuungama kwa kukisia. Kesho yake alichukua mchanga, akauosha, akauchoma kwenye tanuri ya maabara mpaka usibaki na kitu chochote kilichowahi kuwa hai. Akausaga kwenye kinu kilichosafishwa. Nusu akaisugua kwa vidole vilivyopakwa dawa ya mama, nusu hakuigusa. Akasubiri. Ilikuwa siku nne. Mama naye alisubiri, ila yeye alikuwa anasubiri kama mtu aliyeingiza mtoto wake kwenye mashindano.

Majibu yakatoka Alhamisi asubuhi. Mchanga usioguswa: hakuna kitu. Mchanga ulioguswa: parachichi, limau. Mchanga una ladha ya saladi, aliniambia, bila kucheka.

Akachukua karatasi zote akagonga mlango wa Daktari.

Daktari alisoma, akarudia, akavua miwani. Mke wangu anasema alikaa akitazama ile makala yake mezani kama mtu anayemuaga mgonjwa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mume wangu na mama mkwe."

"Mama mkwe yuko idara gani?"

"Yuko nyumbani, Daktari. Ndiye anayetengeneza mafuta."

Daktari si mtu mbaya. Hakumfokea wala hakumwambia afiche. Alisema tu kwamba jambo limetokea kwa maandishi, basi litaondoka kwa maandishi. Barua ya kusahihisha lazima iandikwe, ipite kwa mwanasheria, ipite kwa mkurugenzi, igongwe muhuri.

"Tumpigie yule mzee simu leo," mke wangu alisema. "Asije akakata mti."

"Ofisi haiwezi kujikana kwa simu."

"Hata kwa dakika moja?"

"Hasa kwa dakika moja."

Akatoka. Ijumaa barua ilikuwa kwa mwanasheria. Jumatatu ilikuwa bado kwa mwanasheria, kwa sababu kulikuwa na ubishi kama waseme "kosa" au "hitilafu". Jumatatu usiku mke wangu hakupanda kitandani mpaka nilipomuuliza kulikoni.

"Kesho naenda kwa yule mzee," alisema.

"Daktari amekuruhusu?"

"Sijamuuliza. Nimeomba ruhusa ya kwenda kliniki."

"Unaumwa?"

"Ndiyo," alisema.

Asubuhi nilifunga cherehani, nikatoa pikipiki. Aliponiuliza naenda wapi nilimwambia mafuta ni ya mama yangu, kwa hiyo kesi hii na mimi nimo.

Tulimkuta mwenye kinu uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki juani, anashona midomo ya magunia matupu kwa sindano ya chuma. Ni kazi ninayoijua, na alikuwa anaifanya vizuri. Kinu kimefungwa, mlangoni kuna karatasi ya mkaguzi. Na katikati ya ua palikuwa na kisiki, kipana kama meza ya watu sita, cheupe bado, na pembeni yake magogo yamepangwa vizuri kwa urefu.

Mke wangu alisimama. 

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Kinu kimefungwa."

"Tunajua. Mimi natoka maabara."

"Ah." Akaweka sindano chini. "Basi mmekuja kukifungua. Nimeukata Jumamosi. Mwambie mkaguzi aje na picha zake."

Mke wangu hakukaa alipokaribishwa. Alimwambia akiwa amesimama, yote, kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti: mafuta, vidole, unga, chomboni, mashine. Hakuruka lolote. Alimwambia alijua Alhamisi. Alimwambia mti ulikatwa Jumamosi, na kati ya Alhamisi na Jumamosi alikuwa na miguu na hakuja.

Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alisema, "Lete huo mkono."

Akaunyoosha. Mzee aliushika kwa kidole kimoja chini, kama mtu anayekagua samaki, akautazama juu, akaugeuza.

"Huu?"

"Huu."

Akageuzia uso upande wangu. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mume wake. Mafuta ni ya mama yangu."

"Mama yako hajaja?"

"Goti linamsumbua."

Akatikisa kichwa kama jambo hilo limeeleweka. Akaangalia kisiki. Sikujua kama atapiga kelele au atatufukuza, na nadhani yeye pia alikuwa hajaamua.

"Nilibisha," alisema mwishowe. "Niliwaambia mti huu una miaka thelathini na haujaua hata kifaranga. Wakaniambia mashine haisemi uongo."

"Haikusema uongo," mke wangu alisema. "Ilisema kulikuwa na parachichi. Lilikuwa langu."

"Hiyo inanisaidia nini?"

"Haikusaidii kitu, mzee."

 Mzee akaokota sindano, akaiweka tena chini.

"Unaona ile nyumba?" Alielekeza kidole kwenye mlango wa nyuma. "Mle ndani yumo mke wangu. Yeye ndiye aliyeupanda, mwaka tuliohamia hapa. Nilipoleta watu wa msumeno alisema nikiukata hatanisikia wala sitamsikia. Tangu Jumamosi hajanisemesha. Chakula anaweka mezani, anaondoka. Mimi umeshaniambia. Sasa nenda ukamwambie yeye."

Mke wangu akapiga moyo konde, akaenda. Mimi nikabaki na mzee. Alinipa gunia na sindano ya pili bila kuniambia kitu, tukawa tunashona. Mshono wake ulikuwa wa kuruka mmoja, wangu wa kurudi nyuma. Alitazama wangu kidogo, akaanza kurudi nyuma na yeye.

Kilichotokea jikoni nilisimuliwa baadaye. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza huku mikono inaendelea, mawe upande huu, mchele upande ule. Mke wangu alipofika kwenye limau, mikono ilisimama.

"Kwa hiyo mti wangu haukuwa na kosa."

"Haukuwa na kosa lolote, dada."

"Hata majani?"

"Hata majani."

Yule mama aliweka ungo juu ya meza, akajifuta mikono, akatoka mpaka mlangoni. Mimi na mzee tuliinua vichwa.

"Nilikwambia!" alisema.

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe kwa siku tatu. Mzee akasema, "Ulinambia," na nikaona mabega yake yakishuka. Yule mama akaongeza mengine mengi, mengi kuhusu mti na mengine kuhusu mambo ya miaka ya nyuma ambayo mti haukuhusika nayo. Mzee aliyapokea yote, anaitikia. Alionekana kama mtu aliyefunguliwa kinu.

Mke wangu alisimama nyuma ya yule mama na machozi hayakumtoka pale. Yalimtoka njiani. Nilijua kwa sababu nilihisi shati langu mgongoni linalowa, na hakukuwa na mvua. Sikusimama. Nilipunguza mwendo tu.

Barua ya ofisi ilifika kwa mzee baada ya wiki mbili na nusu. Ilisema "hitilafu". Kinu kikafunguliwa, na vile vingine viwili vikaandikiwa pia. Mke wangu alipewa barua ya onyo kwa kugusa sampuli, na barua nyingine ya onyo kwa kwenda kliniki ambayo haikuwa kliniki. Daktari alipewa moja tu, kwa kutokuwa na shahidi kwenye chumba cha kusagia. Makala yake aliiandika upya, safari hii juu ya vidole, na alimwomba mke wangu ruhusa kwanza. Sasa kila asubuhi kabla ya kitu kingine wanasaga mchanga uliochomwa, nao unapita njia nzima mpaka mashineni. Mtu akila chungwa karibu na chumba cha kusagia, mchanga unamtaja.

Agizo la kutokuwa na mparachichi karibu na kinu halikufutwa. Mkaguzi alishaliingiza kwenye fomu, na fomu zilishachapwa.

Mama yangu hakuelewa kwa nini watu wana huzuni. Mtaani alisimulia kwamba serikali imepima dawa yake kwa mashine na kukuta kila kitu kimo kama alivyoweka. Wanawake wanne walikuja kuomba kopo. Nilijaribu kumwelekeza, nikakuta nashona hewa, nikaacha. Kwa mke wangu alitengeneza mafuta mengine yasiyo na mmea hata mmoja, kwa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Yananuka kama zizi. Anayapaka usiku, na mimi nimezoea.

Mke wangu alitaka kuacha kazi. Aliandika barua ya kuomba kustaafu mapema, akanipa niisome. Niliisoma nikamwambia mwandiko ni mzuri. Aliikunja, akaiweka kwenye begi, ikakaa humo wiki nyingi ikienda kazini na kurudi. Mikono yake haikutulia. Nilimkuta mara mbili jikoni anasugua unga wa ngano kati ya vidole, halafu anashtuka na kunawa.

Halafu siku moja, miezi mitano baadaye, mzee wa kinu alikuja maabara. Hakuitwa. Alikuwa amepata muuzaji mpya wa mashudu ya alizeti, bei nafuu, na hakuyaamini. Alibeba mfuko mdogo mpaka dirisha la mapokezi, na mpokezi akamwambia auache, utapimwa na yeyote atakayekuwa zamu.

"Hapana," mzee alisema. "Nataka anipimie yule mama aliyekosea."

Mpokezi akamwambia kuna wataalamu wengine watatu ambao hawajawahi kupewa onyo.

"Hao siwajui," mzee alisema. "Wakikosea nitajuaje? Yule akikosea anakuja nyumbani."

Mke wangu aliitwa. Akatoka amevaa glavu zote mbili, akapokea mfuko, akaandika tarehe. Mzee akamsalimia, akamwambia mke wake anamsalimu, mama wa fundi cherehani pia asalimiwe, na goti lake lipone. Mke wangu alimwambia majibu ni baada ya siku kumi na nne za kazi, Jumamosi haihesabiwi, na asiondoke bila kutia sahihi pale chini.